Sura ya Tano: Wepesi, Mbao na Miaka

Gitaa kavu, yaani gitaa linalotoa sauti kwa mtetemo wa mbao zake bila msaada wa umeme, haliitwi kongwe kwa sababu ya umri peke yake, bali pia kwa sababu lilitoka karakana katika kipindi ambacho namna ya kulijenga ilikuwa tofauti na ile iliyofuata. Kwa magitaa ya Marekani yenye nyuzi za chuma, ambayo yanatafutwa sana na wapigaji na wakusanyaji, kipindi hicho kinaanza mwishoni mwa miaka ya 1920 na kukoma katikati ya miaka ya 1940, ingawa mipaka yake hubishaniwa kutoka kampuni moja hadi nyingine. Wapenzi wa ala hizo huzisifu kwa mwonekano wake wa rangi ya asali na nakshi zilizofifia, na kwa sauti yake ambayo husemwa kuwa pana, kavu na nyepesi kuamka. Sifa zote hizo kwa kawaida hutajwa kuwa ni zao la uzee, kana kwamba gitaa lolote likiachwa miaka themanini litafikia hadhi ileile. Sura hii inatenganisha mambo matatu yanayochanganywa katika dai hilo, yaani ujenzi, mbao na miaka, na inaeleza kwa nini ujenzi ndio unaostahili sehemu kubwa ya sifa ambayo miaka imepewa.

Kutoka nyuzi za utumbo hadi nyuzi za chuma

Christian Frederick Martin, fundi aliyezaliwa mwaka 1796 katika mji wa Markneukirchen, Saksonia, na kupata ujuzi Vienna katika karakana ya Johann Stauffer, alihamia New York mwaka 1833, na kabla ya muongo ule kwisha akaipeleka kazi yake Nazareth, Pennsylvania, ambako kampuni yenye jina lake ingali inatengeneza magitaa hadi leo. Magitaa yake ya mwanzo yalikuwa madogo ya sebuleni, yaliyofungwa nyuzi za utumbo wa wanyama, ambazo huvuta kwa nguvu ndogo na hazihitaji kiwiliwili imara. Nyuzi za chuma zilipoanza kupendwa mwanzoni mwa karne ya 20, tatizo la mafundi lilibadilika, kwa kuwa seti ya kawaida ya nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 70, na nguvu hiyo hukaa juu ya daraja, kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni mwa gitaa na kushika nyuzi, mchana na usiku kwa muda wote ambao gitaa limekazwa. Mwaka 1922 Martin ilianza kuuza modeli ya 2-17 ikiwa na nyuzi za chuma kama kifaa chake cha kawaida, na kabla ya muongo kwisha modeli zake nyingi zilikuwa zimefuata mkondo huo.

Pamoja na chuma yalikuja madai ya sauti kubwa zaidi, kwa sababu gitaa lilitakiwa kusikika kando ya banjo, fidla na mandolini katika kumbi ambazo bado hazikuwa na vipaza sauti vya kutegemewa. Mwaka 1916 Martin ilikuwa imetengeneza, kwa ajili ya kampuni ya Oliver Ditson ya Boston, gitaa lenye kiwiliwili kipana na kiuno kisichobonyea sana, lililopewa jina la Dreadnought kwa kufuata manowari ya Uingereza ya mwaka 1906. Umbo hilo halikuvutia wengi mwanzoni, lakini mwaka 1931 Martin ililiingiza katika orodha yake yenyewe, na mwaka 1934 likapata shingo mpya ambayo ilikuwa na freti kumi na nne nje ya kiwiliwili badala ya kumi na mbili. Freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa kukingama shingoni ili kugawa noti, na kuongezeka kwa sehemu iliyo wazi kulimpa mpigaji nafasi ya kufikia noti za juu, jambo ambalo mpigaji wa banjo Perry Bechtel wa Atlanta alikuwa ameliomba kampuni ile mwaka 1929 na kulipata katika gitaa la aina ya OM. Kwa hiyo modeli za D-18 na D-28 za mwaka 1934, ambazo leo ni kigezo cha gitaa kongwe, zilikuwa vifaa vipya kabisa vilivyobuniwa kwa ajili ya wapigaji waliotaka kelele zaidi.

Mataruma na gharama ya wepesi

Uso wa gitaa ni ubao mwembamba, kwa kawaida wenye unene wa milimita tatu hivi, na ubao wa namna hiyo ungepinda haraka chini ya mvuto wa nyuzi za chuma kama usingetiwa mataruma, yaani vijiti vinavyogundishwa upande wake wa ndani kama yale yanayoshikilia mbao za jahazi. Magitaa mengi ya zamani ya Ulaya yalikuwa na mataruma yaliyolala sambamba, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Katika miaka ya 1840 mafundi wahamiaji wa Kijerumani nchini Marekani, Martin akiwa miongoni mwao, walianza kuyapanga mataruma mawili makuu yakipishana kwa mfano wa herufi X chini kidogo ya tundu la sauti. Mpangilio huo uliwekwa kwa ajili ya nyuzi za utumbo, lakini miaka themanini baadaye ulionekana kuwa ndio uliofaa zaidi kubeba chuma, kwa sababu hugawa mzigo wa daraja katika pande nne bila kuunyima uso uhuru wa kutetema.

Kazi ya uso ni kusukuma hewa. Nyuzi peke yake ni nyembamba mno kusukuma hewa ya kutosha, hivyo hupitisha mtikisiko wake kwenye daraja, daraja huutikisa uso, na uso huisukuma hewa ya nje pamoja na ile iliyomo tumboni mwa gitaa, ambayo nayo huingia na kutoka kupitia tundu la sauti. Katika gitaa la umbo la Dreadnought hewa hiyo ya ndani hupendelea kutetema karibu na mara 100 kwa sekunde, ambayo ni sehemu ya sauti nzito, na uso wenyewe hupendelea mtetemo wa takriban maradufu ya huo. Kwa kuwa nguvu inayotoka katika unyuzi mmoja uliodonolewa ni ndogo, kila gramu inayopunguzwa usoni huongeza mwitikio, na kila gramu inayoongezwa huupunguza. Lakini gramu hiyohiyo inayopunguzwa hulisogeza gitaa karibu na kuvunjika.

Mafundi wa Martin wa miaka ya 1930 walichagua kusimama karibu sana na ukingo huo. Walichonga mabonde katika mataruma ya uso, yaani waliyapunguza kimo katikati na kuyaacha na vilele vichache, na hadi mwishoni mwa muongo ule waliiweka njia panda ya herufi X karibu na tundu la sauti, kiasi cha milimita 25 tu kutoka ukingo wake, ili eneo kubwa la uso lililo nyuma yake libaki huru. Matokeo yake yalikuwa besi pana na gitaa linaloitikia hata likiguswa kwa ncha ya kidole. Hata hivyo, wapigaji waliendelea kufunga nyuzi nene ili kupata sauti kubwa zaidi, nyuso zikaanza kubinuka, na kampuni, iliyokuwa na wajibu wa kuyatengeneza magitaa yaliyoharibika, kwanza iliirudisha nyuma ile njia panda na hatimaye, mwishoni mwa mwaka 1944, ikaacha kuchonga mabonde kabisa. Magitaa yaliyofuata yalikuwa imara zaidi na besi yake ilikuwa imebanwa zaidi. Mkato huo ndio uliozaa kile kiitwacho kipindi cha dhahabu, yaani kipindi kilichotajwa mwanzoni mwa sura, na haukuhusiana na umri hata kidogo: gitaa la mwaka 1943 na la mwaka 1946 yametofautiana kwa miaka mitatu tu, lakini wakusanyaji huyahesabu kuwa ya enzi mbili. Ushahidi mwingine ni kwamba mwaka 1976 kampuni ileile ilirudisha mataruma yenye mabonde katika modeli ya HD-28, na wapigaji wakaipokea ikiwa mpya, kabla miaka haijafanya lolote juu yake.

Uhuru huo wa besi si sifa kwa kila mpigaji, kama inavyoonyesha D-28 ya mwaka 1935 iliyomilikiwa na Clarence White na baadaye Tony Rice, wapigaji mashuhuri wa bluegrass, muziki wa nyuzi wa Marekani uliokua katika miaka ya 1940 kupitia bendi ya Bill Monroe. Tundu la sauti la gitaa hilo lilikuwa limepanuliwa kuliko kawaida, na tundu pana huipandisha juu ile noti ambayo hewa ya ndani hupendelea, hivyo mngurumo hupungua na noti za nyuzi nyembamba husikika waziwazi. Sauti ambayo maelfu ya wapigaji wamejaribu kuiga ilitokana kwa sehemu na ukarabati uliolitoa gitaa hilo katika hali ya kiwandani.

Kuusoma mwonekano

Nakshi na rangi za gitaa kongwe zina uzuri wake, lakini kwa mchunguzi zina thamani zaidi kama hati inayoeleza lini na kwa namna gani gitaa lilijengwa. D-28 za kabla ya mwaka 1947 zina ukanda wa vipande vidogo vya mbao nyeusi na nyeupe kuzunguka uso, vilivyopangwa kwa mfano wa miiba ya samaki, ambao ulikuwa ukiagizwa kutoka Ujerumani. Akiba ya ukanda huo ilipokwisha baada ya Vita Kuu ya Pili, mahali pake pakachukuliwa na mistari ya plastiki. D-18 haikuwa na pambo hilo, na mgongo wake ulikuwa wa mahogani isiyo na makuu. Kwenye ngazi ya juu kabisa ilisimama D-45, iliyotengenezwa kwanza mwaka 1933 kwa ajili ya mwimbaji na mwigizaji Gene Autry, ikiwa imezungushiwa vipande vya gamba la abaloni, konokono wa baharini mwenye gamba la ndani linalometameta, na ni D-45 91 tu zilizotoka kabla uzalishaji haujasimama mwaka 1942.

Uso wa msprusi, mti wa jamii ya misonobari, huwa karibu mweupe siku unapotoka karakana, na ile rangi ya asali huja polepole kwa mwanga na hewa, ikisaidiwa na laka ya nitroselulosi iliyopakwa juu yake. Laka hiyo, iliyoanza kutumiwa na kampuni hizo katika miaka ya 1920 badala ya vanishi za zamani zilizopakwa kwa mkono, hugeuka njano inapozeeka, hukauka na kupasuka mistari midogo kama ya udongo wa kiangazi, hasa gitaa likihamishwa ghafla kutoka penye baridi hadi penye joto. Kinga ya uso, yaani kile kipande cha chini ya tundu kinachozuia mikwaruzo, ilikuwa ya seluloidi iliyotiwa madoa kuigiza gamba la ng'amba, na kwa kuwa iligundishwa moja kwa moja juu ya mbao tupu, ilipozeeka na kusinyaa iliuvuta uso na mara nyingi kuupasua. Ufa wa kando ya kinga hiyo, ambao mnunuzi mgeni huuona kuwa ajali, ni alama ya kawaida sana ya Martin za enzi hiyo.

Kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilijulikana kwa mwonekano mwingine, ambapo kahawia nzito ya kingo iliyeyuka kuelekea njano katikati mwa uso kama anga la machweo. Modeli yake ya J-45, iliyoanza mwaka 1942, ilikuwa na mabega ya mteremko, mgongo wa mahogani na nyuzi zilizo fupi kidogo kuliko za Martin, milimita 629 hivi dhidi ya 645. Unyuzi mfupi huhitaji mvuto mdogo ili kufikia noti ileile, na hiyo ni sababu mojawapo ya J-45 kujulikana kwa noti zinazopiga kwa nguvu na kuzimika mapema, sifa inayowafaa waimbaji wanaotaka gitaa liipe sauti yao nafasi.

Mbao zilizokwisha

Jambo la pili linalochanganywa na umri ni mbao. Nyuso za Martin za kabla ya vita zilikuwa za msprusi mwekundu wa mashariki mwa Marekani, ambao ni mgumu kwa uzito wake, yaani hubeba mzigo mkubwa bila kuwa mzito. Misitu yake ilikatwa sana kwa ajili ya mbao za ujenzi na karatasi, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 miti minene ya kutosha uso wa gitaa ilikuwa adimu, hivyo Martin ikahamia kwenye msprusi wa Sitka kutoka pwani ya Pasifiki. Migongo na mbavu za D-28 zilikuwa za rosiwudi ya Brazili hadi mwisho wa miaka ya 1960, Brazili ilipozuia usafirishaji wa magogo yake, na rosiwudi ya India ikachukua nafasi. Mwaka 1992 mti huo wa Brazili uliwekwa katika daraja la juu la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini.

Mti huo ni ndugu wa mpingo, kwa kuwa miti yote miwili ni ya jenasi moja, Dalbergia, na mpingo wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, unaojulikana duniani kwa klarineti na zumari za okestra, umekuwa ukitumiwa na baadhi ya mafundi wa leo kwa migongo ya magitaa ya thamani. Undugu huo ulikuwa na matokeo ya kisheria pia: kuanzia Januari 2017 jenasi nzima iliwekewa masharti ya vibali, na mwishoni mwa mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikapunguziwa masharti hayo, isipokuwa zile za rosiwudi ya Brazili.

Swali ni iwapo mbao hizo adimu ndizo zilizotoa sauti inayosifiwa. Utafiti uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2018, ulitumia magitaa sita yaliyojengwa na fundi mmoja kwa mchoro mmoja, yakitofautiana tu katika mbao za mgongo na mbavu, zikiwemo rosiwudi ya Brazili, rosiwudi ya India na mahogani. Wapigaji 52 waliyajaribu wakiwa wamezuiwa kuona mbao, na alama walizoyapa zilikaribiana sana, bila rosiwudi ya Brazili kujitenga na nyingine. Matokeo hayo hayasemi kwamba mgongo hauna kazi, lakini yanadokeza kwamba uso na mataruma yake yana uzito mkubwa zaidi, na kwamba sehemu ya sifa za rosiwudi ya Brazili imejengwa juu ya uzuri wa mistari yake na uhaba wake.

Kinachofanywa na miaka

Hata hivyo, miaka si bure. Mbao zina selulosi, inayozipa uimara, na hemiselulosi, kemikali dhaifu zaidi inayonyonya unyevu kwa wingi. Kadiri miongo inavyopita hemiselulosi huvunjikavunjika, ubao hunyonya unyevu mchache, huwa mwepesi kidogo, na nguvu ya mtetemo hupotea kidogo zaidi ndani yake. Badiliko hilo ni la kweli, na watengenezaji wa leo huliigiza kwa kuoka mbao za uso katika tanuri lenye oksijeni kidogo, njia ambayo Martin yenyewe imeitumia katika baadhi ya modeli zake tangu mwaka 2015. Imani ya pili, kwamba gitaa hufunguka kwa kupigwa sana, ina ushahidi dhaifu zaidi, kwa sababu majaribio ya kulitikisa gitaa kwa mashine kwa siku nyingi yameshindwa kuonyesha tofauti ambayo wasikilizaji wanaweza kuitambua kwa uhakika. Katika fidla, ambako heshima ya uzee ni kubwa zaidi, jaribio lililofanyika Indianapolis mwaka 2010 na kuchapishwa mwaka 2012 liliwapa wapigaji stadi fidla mpya pamoja na za Stradivari na Guarneri huku macho yao yakiwa yamezibwa, na iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya.

Upande wa pili wa hoja hii unaonekana katika magitaa yaliyozeeka bila kupata sifa hizo za sauti. Magitaa ya bei nafuu ya Gallotone, yaliyotengenezwa Durban na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, yalisambaa sana kusini, kati na mashariki mwa Afrika katika miaka ya 1950, na wapigaji wa Tanzania waliyaita galatoni. Gitaa la kwanza la John Lennon lilikuwa Gallotone Champion, na mnada wa mwaka 1999 uliliuza kwa zaidi ya pauni laki moja, bei iliyolipia historia na si mbao. Magitaa ya daraja hilo kwa kawaida yalikuwa ya mbao za tabaka, yaani mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja nyuzinyuzi zake zikikingamana, ambazo hazipasuki kirahisi lakini ni ngumu kutetema, na umri hauzifanyi kuwa msprusi. Muziki mkubwa haukukosekana kwa sababu hiyo. Mwenda Jean-Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, Kongo, mwaka 1952, alijenga kwa kidole gumba na cha shahada mtindo ambao ulisikilizwa mpaka Nairobi, na noti fupi zinazokatika upesi, ambazo mkusanyaji angezihesabu kuwa upungufu, zinauachia mtindo wa aina hiyo nafasi ya kutenganisha besi na sauti za juu.

Magitaa yaliyobaki

Hukumu yoyote juu ya magitaa makongwe lazima izingatie kwamba yanayosikika leo si sampuli ya haki ya yale yaliyotengenezwa. Yaliyojengwa kwa wepesi uliopita kiasi yalivunjika, yale mazito yasiyoitikia hayakuthaminiwa vya kutosha kupelekwa kwa fundi, na yaliyobaki ni yale ambayo kila mmiliki aliona yanastahili gharama ya kutunzwa. Gharama hiyo si ndogo, kwa kuwa mvuto wa nyuzi huendelea kuinamisha shingo mbele, na baada ya miongo kadhaa nyuzi hukaa juu mno kiasi cha kushindikana kubonyezwa, hadi shingo ibanduliwe na kuwekwa upya kwa pembe sahihi. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi, inayolegea kwa joto na mvuke bila kuharibu mbao, na kwa hiyo gitaa lilijengwa likiwa na njia ya kufunguliwa.

Mpangilio huu wa sababu unabadilisha namna ya kulichunguza gitaa kongwe. Mataruma yenye mabonde, unene wa uso, pembe ya shingo na uzima wa viungo hueleza mengi zaidi kuhusu sauti kuliko mwaka wa kutengenezwa au rangi ya laka, na baadhi ya mambo hayo, hasa mataruma na viungo vya ndani, yanaweza kukaguliwa kwa kioo kidogo na taa vikiingizwa kwenye tundu la sauti. Mbao zilizokwisha misituni hazirudi haraka, na miaka themanini haiwezi kununuliwa, lakini uamuzi wa kujenga karibu na ukingo wa kuvunjika uko mikononi mwa fundi yeyote aliye tayari kubeba hatari yake. Uamuzi huo uliachwa mwaka 1944 kwa sababu za kibiashara, na kurejeshwa kwake tangu mwaka 1976 ndiko kulikowawezesha wapigaji wasio na uwezo wa kununua ala za kabla ya vita kuisikia besi ileile katika gitaa jipya.